Kiuno na bega: uzoefu wangu na tiba ya osteopathi

Nahudumia wazee majumbani hapa Leicester, Uingereza. Wenye kazi hii wanaijua: unamgeuza mtu kitandani, unamnyanyua kwenye kiti, unainama kumvalisha soksi, halafu unakimbilia nyumba inayofuata. Kiuno kilianza kukaza taratibu, maumivu yakapanda hadi bega la kulia, ikafika mahali mkono haufiki mgongoni. Vidonge vilinituliza saa chache tu.

Daktari wangu alinipima, hakuona dalili ya kutisha, akaniweka kwenye foleni ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Nikiwa bado nasubiri, dada mmoja wa kazini akanielekeza kwa mtaalamu wa osteopathi, yaani tiba ya kuchua na kunyoosha misuli na viungo kwa mikono.

Nilichokipenda ni kwamba yule mama hakuanza kwa kunishika. Aliniuliza maswali mengi kwanza. Miguu inakufa ganzi? Mkojo unatoka kama kawaida? Umepungua uzito bila sababu? Akaniambia mtu mwenye maumivu ya mgongo akipata ganzi sehemu za siri, au akashindwa kuzuia haja, akimbilie hospitali saa hiyohiyo, asiende kwake. Nikamwamini papo hapo.

Kisha akanitazama nikiinama na kugeuka, vidole vyake vikifuata uti wa mgongo pingili moja moja. Akagundua mgongo wa juu, kati ya mabega, haugeuki vizuri, kwa hiyo kiuno na bega vinabeba kazi isiyo yao. Akachua misuli polepole, akanilaza ubavu, akanisukuma ghafla kidogo. Kiungo kikalia kama mtu anayevuta vidole mpaka vilie. Nilishtuka! Akanieleza kuwa ule mlio ni gesi iliyo kwenye ute wa kiungo, wala si mfupa unaorudi mahali pake.

Kesho yake mwili ulikuwa na uchovu na maumivu kidogo, jambo alilokuwa ameshanitahadharisha. Baada ya hapo nikaanza kulala bila kushtushwa na bega. Nisiposema ukweli wote nitawadanganya: mikono yake ilinifungulia njia, lakini mazoezi aliyonipa ndiyo yaliyoshikilia nafuu. Wiki nilizoyaacha kwa sababu ya zamu, kiuno kilikaza tena. Hata mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2016 kuhusu maumivu ya kiuno unataka tiba ya mikono iende pamoja na mazoezi.

Kwa goti langu lililosagika hakuniahidi makubwa. Alilegeza misuli ya paja, akasisitiza kutembea na kuimarisha miguu. Nafuu ipo, ila ndogo.

Tiba hii ilianzishwa na daktari wa Marekani, Andrew Taylor Still, mwaka 1874. Ndugu zetu walioko huko wajue kwamba aliyesomea osteopathi Marekani ni daktari kamili, anaandika dawa na hata kupasua. Huku Uingereza tiba yao ni ya mikono.

Bei ndiyo inayouma. Mara nyingi NHS, huduma ya afya ya serikali, hailipii, na kila ukienda unatoa pauni hamsini na kitu. Usimpe pesa hiyo mtu yeyote tu anayejiita mtaalamu wa osteopathi. Kwa sheria ya mwaka 1993, hakuna anayeruhusiwa kutumia jina hilo hapa bila kusajiliwa na General Osteopathic Council, baraza linalowasimamia, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Tafuta jina lake humo kabla ya kupanga miadi.