Pikipiki kubwa za safari kwa tuliovuka miaka 50: anza na mguu wa kushoto

Nilianguka Namawojjolo pikipiki ikiwa imesimama. Nilikuwa natoka Kampala kwenda Jinja, nikasimama pembeni ninunue gonja (ndizi za kuchoma) na kuku, nikashusha mguu wa kushoto, mguu ukakosa ardhi. Pikipiki ya kilo zaidi ya 240, na masanduku mawili ya alumini, ikanilalia kifundoni. Vijana wauza kuku ndio walioiinua. Nina miaka 56, na kifundo hicho hakijawa sawa hadi leo.

Kwa hiyo hapa sizungumzii mwendo wala ulaji wa mafuta. Nazungumzia jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Uganda tunaendesha kushoto, na lami imeinamishwa kuelekea ukingoni ili maji ya mvua yatiririke. Ukisimama pembeni, mguu wa kushoto una safari ndefu kuliko ulivyokuwa nayo kwenye sakafu ya duka. Dukani ulifika kwa vidole ukaridhika. Barabarani, na mzigo nyuma, vidole havitoshi. Kijana huokoa pikipiki iliyoanza kulala kwa nguvu za paja. Sisi hatuna tena paja hilo.

Naiweka Royal Enfield Himalayan ya cc 411 mbele ya zote, na sifichi kwamba naipenda. Siti yake iko sentimita 80 kutoka chini, uzito kama kilo 199, na nyayo zangu zote mbili zinagusa. Watu huilaumu kwamba ni nzito kuondoka na haikimbii. Kwenda Kabale, kilomita kama 400, kwa mwendo wa 90 nafika bila mgongo kuuma. Tairi zake zina tyubu, na mimi naliona hilo kuwa jema: fundi yeyote wa bodaboda njiani anaziba tyubu.

Ya pili ni Honda CB500X. Uzito ni uleule, ila siti ni sentimita 83. Injini yake ya silinda mbili haitikisi mikono, jambo kubwa kwa mwenye viungo vinavyouma. Suzuki V-Strom 650 naiweka ya tatu, kwa anayebeba mwenza: tangi la lita 20, lakini kilo 216 kabla ya mzigo. BMW R 1250 GS, kilo 249, ni ya mwenye miguu mirefu. Boxer 150, ile ya bodaboda, yenye karia ndefu itakufikisha pia, kama mgongo bado unakuruhusu.

Masanduku ya alumini niliyauza. Pikipiki ikilala, sanduku gumu linaweza kukubana mguu. Begi laini la pembeni linabonyea. Tena halikwami kwenye vioo vya magari pale Wandegeya, Kampala. Vifaa na maji viweke chini, karibu na siti. Sanduku la nyuma libebe koti la mvua na nguo tu, kwa sababu mengi yameandikwa mwisho kilo 10, nasi tunayajaza spea na viatu mpaka usukani unakuwa mwepesi mbele.

Kinachoniuma ni jibu la wauzaji: "Mama, tutaishusha." Wanaishusha shokomzoba, wanaacha stendi ya pembeni na urefu wake uleule, pikipiki inasimama wima mno na upepo wa lori unaiangusha. Stendi lazima ikatwe pia. Halafu bei wanakutajia kwa dola, VAT ya asilimia 18 inajitokeza siku ya kulipa, na kukaa juu ya pikipiki nje ya duka wanakunyima.

Mimi sasa naenda na madumu mawili ya lita 10 yaliyojaa maji. Nayafunga kushoto na kulia, naomba pikipiki itolewe hadi ukingo wa barabara, nakaa, naisukuma kinyumenyume kwa miguu. Duka la kwanza walinikatalia, nikabeba madumu yangu nikaenda la pili.