PCB au CBG Kidato cha Tano?

Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, swali hili hurudi huku Mbeya: uchukue PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) au CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia)? Kemia na Baiolojia ni zilezile: utadondoshea iodini kipande cha kiazi mviringo cha Uporoto kigeuke bluu-nyeusi, utafungulia byureti tone kwa tone mpaka rangi ibadilike. Kinachotofautisha ni Fizikia na Jiografia.

Anayetaka udaktari wa binadamu achukue PCB, maana vyuo vyetu vinadai Fizikia. Lakini somo hilo linakula muda, na shule ikikosa mwalimu wake utaumia kweli.

CBG inampendeza mpenda kilimo, misitu au mazingira. Udongo na mvua anavyosoma anaviona shambani kwao. Fizikia yako ilikuwa ya kubahatisha? Mimi ningekushauri CBG.