Jezi ya Zanzibar Heroes: kitambaa kizuri, bendera iliyopunguzwa

Jezi hii ya Zanzibar Heroes, timu ya taifa ya soka ya Zanzibar, niliinunua Januari 2025 katika duka dogo la nguo za michezo karibu na soko la Darajani, siku mbili kabla ya fainali ya Kombe la Mapinduzi, kwa shilingi 30,000. Duka lenyewe sitalitaja, kwa sababu kasoro nitakayoieleza huenda ilianzia kwa mchapaji na wala si kwa aliyeniuzia. "Hii ndiyo ya timu ya taifa, kaka," muuzaji aliniambia huku akiikunjua juu ya meza, na nimeona ni haki kuipima kwa kauli yake hiyo. Anayevaa jezi ya Zanzibar amebeba kifuani dai la uanachama kamili katika soka la Afrika, ambalo visiwa hivi vimelidai kwa miaka mingi, nalo halijakubaliwa.

Kitambaa ni poliesta nyepesi, laini, yenye vitundu vidogo chini ya makwapa. Niliivaa kutwa nzima katika joto la kaskazi, na jasho lilikauka bila ya nguo kunigandia mgongoni. Rangi ya buluu imeiva vizuri na haijachuja hata baada ya kufuliwa kwa mkono mara nyingi, ingawa mara ya kwanza niliitenga na nguo nyeupe kwa tahadhari. Mishono ya mabegani imepigwa mara mbili. Ukosi umelegea kidogo upande mmoja, jambo ambalo mtu halioni mpaka aambiwe. Vipimo ni vidogo kuliko vilivyoandikwa, hivyo aliyezoea L na achukue XL.

Tatizo liko kwenye bendera. Bendera ya Zanzibar, iliyoanza kupepea Januari 2005, ina mistari mitatu ya buluu, nyeusi na kijani, na katika pembe yake ya juu, upande wa mlingoti, mna bendera ndogo ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kwenye jezi hii mistari mitatu imo, lakini pembe ile ni buluu tupu. Nilipomuuliza muuzaji alijibu kwamba ikichapwa ndogo namna hiyo haionekani vizuri. Namwelewa, lakini sikubaliani naye, kwa kuwa alama ile ndogo ndiyo inayoeleza hasa Zanzibar inaomba nini.

Tangu Aprili 26, 1964, mambo ya nje ni ya Muungano, kwa hiyo Zanzibar haina kiti chake Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika wala katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huingia humo kupitia Dodoma. Ilipojiunga yenyewe na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu Desemba 1992, mzozo wa kikatiba uliofuata uliilazimisha kujitoa mwaka uliofuata. Michezo, hata hivyo, haimo katika orodha ya mambo ya Muungano. Zanzibar ina shirikisho lake la soka, ligi yake na mabingwa wake, na klabu zake hucheza mashindano ya Afrika kwa jina lake. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ombi la uanachama kamili katika CAF, Shirikisho la Soka la Afrika, lilikuwa ombi la haki kabisa: halikuhitaji kuvunja Muungano, na shirikisho la Bara lenyewe liliunga mkono. Machi 2017, mjini Addis Ababa, Zanzibar ilipokelewa kuwa mwanachama wa 55. Julai mwaka huohuo, mjini Rabat, ikaondolewa, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na mashirikisho mawili na kwamba nchi ni ile inayotambuliwa na Umoja wa Afrika na Umoja wa Mataifa. Nakumbuka uzito wa siku ile hapa mjini; watu wazima walizungumza kwa sauti za chini kana kwamba wametoka mazikoni.

Hoja ile ina mantiki yake katika maandishi, lakini ulimwengu wa soka wenyewe haujawahi kuifuata kwa usawa. Scotland na Wales zimo FIFA ilhali ni sehemu za Uingereza. Visiwa vya Faroe, vilivyo chini ya Denmark na vyenye watu wapatao 50,000 tu, viliingia FIFA mwaka 1988. Zanzibar, kwa sensa ya 2022, ina watu karibu milioni 1.9. Desemba 2017, miezi mitano tu baada ya Rabat, timu yetu ilikwenda Kenya katika Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati, ikaifunga Tanzania Bara, ikaitoa Uganda katika nusu fainali, kisha ikashindwa na wenyeji kwa penalti tu katika fainali. Na fainali ya Mapinduzi niliyoinunulia jezi hii, iliyochezwa Gombani, Pemba, tuliwafunga Burkina Faso mabao 2 kwa 1, na hao ni wanachama kamili.

Kwa hiyo jezi iliyoondoa pembe ile inalipotosha dai letu, kwani inamfanya mtazamaji adhani kwamba tunaomba kutoka katika Muungano, wakati tunachoomba ni kuonekana tukiwa ndani. Niliipeleka kwa fundi cherehani wa Mwanakwerekwe, ambaye aliibandua bendera ya kuchapwa kwa pasi na kuidarizi nyingine yenye pembe kamili, upana wa vidole vitatu, kwa shilingi 7,000. Bendera ndogo inaonekana vizuri, mpaka mistari yake ya manjano. Ikiwa fundi mmoja kwa mashine ya miguu ameweza, mchapaji hana udhuru.

Kwa kitambaa na ushonaji naipa jezi hii alama nane kati ya kumi, na kwa bendera, kama ilivyotoka dukani, naipa tatu. Anayetaka kuinunua aikague pembe ile kabla ya kulipa, na akiikuta tupu aombe punguzo la gharama ya fundi. Mimi sikuomba, na naamini ningepewa. Saizi za watoto hazikuwepo siku ile, na mwanangu wa miaka tisa bado anaisubiri yake.