Kipaza sauti cha ardhini: kinamnasa mwizi wa maji akiwa amefungulia tu

Mimi ni fundi wa jumuiya ya watumia maji, mradi wa mserereko (maji yanashuka yenyewe kutoka juu, bila pampu) huku miteremko ya Kilimanjaro. Dira ya tenki na jumla ya dira za wateja zilikuwa haziafikiani, na pengo likawa linaongezeka kila mwezi. Kamati ikakubali tukodi chombo cha kusikilizia mabomba: kipaza sauti cha kuweka chini, kisanduku chenye skrini, na hedifoni.

Kwenye bomba za zamani za chuma ni raha tupu. Unagusisha kwenye valvu, maji yanayotoka unayasikia ukiwa mbali. Ila mtandao wetu mwingi ni plastiki, na humo sauti hufa upesi. Unatembea juu ya bomba hatua kwa hatua, umeweka kichujio cha chombo kwenye besi, yaani sauti nzito, kwa sababu sauti nyembamba plastiki inazimeza. Na ujue bomba limepita wapi, la sivyo utasikiliza udongo.

Aliyetukodisha alisema kinagundua waliojiunganishia kinyemela. Si kweli hasa. Kinasikia maji yanayotoka, basi. Mtu akifunga koki yake, unaweza kusimama juu ya bomba lake na usisikie kitu. Akifungulia, analia sawasawa na bomba lililopasuka. Kinachowatenganisha ni saa: mvujo unalia usiku na mchana, mwizi anaanza na kuacha. Kila nilipopata mlio niliweka alama ya chokaa, nikarudi saa nyingine. Palipokuwa kimya mchana na kulia usiku, hapo ndipo tulipopeleka sururu. Mmoja alikuwa mfyatua tofali. Dira yake inasoma vizuri, bili analipa, kumbe bomba jingine limechomoka kabla ya dira na kupita chini ya ukuta. Tulipiga picha kiungio kabla ya kukigusa, maana ulichosikia kwenye hedifoni hakimshawishi mtu yeyote ofisini.

Muda mzuri ni saa nane hadi saa kumi usiku, magari hakuna na presha iko juu. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji. Mtu anayeinama kwenye migomba ya watu usiku wa manane na vitu masikioni ana mengi ya kueleza. Siku ya upepo baki nyumbani, na kama kwenu maji ni ya mgao, msikodi kabisa: bila presha hakuna sauti.

Kazi kubwa hata hivyo ilifanywa na valvu. Usiku huohuo unafunga matawi ya bomba moja baada ya jingine, mwenzako yuko tenkini anaangalia dira. Tawi likifungwa na dira ikapunguza mwendo ghafla wakati watu wamelala, huko ndiko pa kusikiliza. Bila hivyo ungetembea kijiji kizima.

Kukodi, sawa. Kununua kwa mradi wa plastiki kama wetu, hapana; pesa hiyo ningefunga dira kila tawi.