Futari ya Unguja Ughaibuni: Kuishika Ilivyo au Kufuata Misimu?

Mzanzibari aliyehamia London ana njia mbili: kuishika futari ya nyumbani kama ilivyo, au kufuata misimu ya huko. Njia ya kwanza naipenda kwa moyo wote. Muhogo uliogandishwa huchemshwa kwa chumvi, ukatolewa mzizi wa katikati, kisha tui la kopo likatiwa maji la kuivishia, na kasimele, yaani lile zito lisilochanganywa, likaachwa hadi mwisho na kukorogwa polepole lisije likakatika. Tatizo lake ni saa: Unguja saumu ni takriban saa 13 mwaka mzima, lakini London, Juni 2016, ilipita saa 17, na tumbo lililokaa hivyo halistahimili nazi nzito katika usiku mfupi. Njia ya pili, ya supu na matunda ya kiangazi, ni nyepesi, ila watoto hawataijua harufu ya futari ya bibi yao. Mimi ningepunguza tui katika Ramadhani za kiangazi. Mwaka 2030, itakapoingia Januari, muhogo urudi na kasimele lake lote. Bokoboko la Sikukuu, yaani ngano na nyama zilizopikwa zikapondwa pamoja, lisiguswe msimu wowote.