Dizeli ya mimea kwenye pikapu yangu kuukuu: nyota nne kati ya tano

Moshi wa gari langu sasa unanukia kikaango cha chipsi, na mke wangu hajaacha kunicheka. Nilianza na asilimia 20 ya dizeli hii inayotokana na mafuta ya kupikia, iliyobaki dizeli ya kawaida, nikapanda taratibu hadi 100. Injini imetulia, na ule moshi mweusi wa kupandia mlima siuoni tena.

Lakini filta! Mafuta haya huosha uchafu wote uliojikusanya kwenye tangi miaka nenda miaka rudi, kisha huusukuma mbele. Gari lilinizimikia njiani, nikabadilisha filta mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mipira ya zamani ya kupitishia mafuta nayo ililainika ikaanza kuvuja. Kwenye baridi kali dizeli hii huganda, kwa hiyo siku hizo nachanganya na dizeli ya kawaida.

Nguvu imepungua kidogo. Navumilia.

Ila usimimine mafuta ya kupikia moja kwa moja ukadhani ni kitu kilekile. Haya ninayotumia yamechanganywa na methanoli (aina ya alkoholi) na kostiki soda hadi gliserini ikajitenga. Yale mabichi ni mazito, huziba nozeli zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini. Jirani yangu alibisha. Siku hizi nampa lifti kwenda kazini.