Balbu ya Zamani au ya LED: Ipi Iwake Nyumbani Uyole?

Balbu ya zamani ya wati 60 na ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribiana, lakini zikiwashwa kwa muda wa saa 5 kila usiku kwa siku 30, ya kwanza hula uniti 9 za Luku na ya pili uniti 1.35 tu. Tofauti hiyo inatokana na waya mwembamba uliomo ndani ya kioo cha balbu ya zamani, ambao hauna budi kupata moto mkali ndipo ung'ae, hivyo sehemu kubwa mno ya umeme huishia kuwa joto. Balbu hiyo hudumu takribani saa 1,000, ilhali LED nzuri hufikisha 15,000 au zaidi. Ndiyo maana bei ya LED dukani hainitishi.

Hata hivyo, kwa baridi ya Uyole, Mbeya, ya mwezi Juni, joto hilo lina kazi yake: vifaranga hubanana chini ya balbu ya zamani, vichwa vikiwa vimefichwa manyoyani, na LED haiwezi kuwapa joto hilo. Bandani ningeiacha balbu ya zamani, sebuleni, jikoni na barazani ningeiondoa leo hii.